Sentensi Mbili Ubaoni

Mratibu alikuwa na methali moja, na aliivaa kila siku kama mtu mwenye shati moja. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune." Kila kikao alikifungua nayo, kisha akatutazama mmoja mmoja mpaka tupige makofi. Mimi nilipiga kwa vidole viwili. Nimefundisha jiografia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na bado sijawaona ndugu waliogombana, wakapatana, wakavuna shamba moja. Kila mmoja huvuna upande wake, na katikati hubaki magugu.

Kazi yetu ilikuwa kuandika kitabu. Nchi yetu na nchi jirani zilikuwa zinaungana. Zilikwisha kuwa na bunge la pamoja, forodha ya pamoja na wimbo wa pamoja usioimbika, na sasa zilitaka watoto wa pande zote mbili wasome historia moja. Walimu wanne wakatolewa kwetu, wanne kwao, tukawekwa katika chuo cha ualimu karibu na mpaka, tukapewa chumba kimoja na ubao mmoja. Aliyeongoza upande wetu ni mke wangu, mwalimu wa historia. Mimi niliitwa kuchora ramani. Watu walisema nimebebwa na mke wangu, nami sikubishana nao, kwa sababu ni kweli.

Hata ramani yenyewe ilikuwa vita. Mratibu hakutaka kuona mstari wa mpaka.

"Mwalimu, huu mstari mnene mno," aliniambia. "Kisosholojia, mpaka ni kitu kilicho kichwani mwa watu. Ufanye uwe vitone tu."

"Na mto nao ni kitu cha kichwani?" nikamuuliza. "Maana mpaka unapita mtoni."

Akacheka kwa kunionea huruma. Alikuwa amesomea mambo ya jamii mpaka mwisho wa kusoma, na alikuwa na jina la kitaalamu kwa kila kilio cha mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, na yeye alikuwa ametumwa na Sekretarieti ya Muungano kuja kutuonyesha jinsi usufi ulivyo mwepesi. Nikachora vitone.

Sura za mwanzo zilikwenda vizuri. Wafalme wa kale wamekufa zamani, hawana wa kuwagombea. Wakoloni ndio walikuwa rahisi kuliko wote, kwani tulikubaliana kuwachukia kabla hata ya chai. Tatizo lilikuwa sura ya nane. Sura ya nane ilikuwa vita, na si vita vya mtu mwingine, ni vyetu sisi kwa sisi, na kila aliyekuwa chumbani mle alikuwa amezika mtu au ameshindwa kumzika.

Kwetu sisi mtu huyo ni Kitinda, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Alichukuliwa jeshini hata ndevu hazijakamilika. Kikosi chake kilivuka mto, na baada ya hapo redio ikatangaza kwamba vijana wetu "wamerudi nyuma kwa utaratibu." Hakurudi hata mmoja, si kwa utaratibu wala kwa fujo. Hakukuja maiti wala barua. Vita vilipokwisha, mtaa ukajijibu wenyewe: kama hawakufa na hawakurudi, basi walitoroka. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Mama mkwe wangu tunaishi naye. Ni mwanamke mwenye ulimi, na mtu mwenye ulimi haachwi hivi hivi. Akigombana na jirani kwa maji ya kumwagwa njiani, jirani atapandisha sauti: "Afadhali maji, mama, kuliko kuzaa mtoro!" Basi hapo mama mkwe hunyamaza, yeye ambaye hajawahi kuninyamazia mimi hata siku ya harusi yangu. Huingia ndani, hufungua sanduku, hutazama shati jeupe la Kitinda la kwendea safari, halafu hulifunga tena.

Siku mke wangu alipochaguliwa kwenda kuandika kitabu, mama yake alimshika mkono palepale mlangoni.

"Mwanangu, andika kwamba hakukimbia. Mimi sitaki fidia, sitaki jiwe la kumbukumbu. Hilo tu. Serikali ikisema hakukimbia, na hawa nao watafunga midomo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mke wangu alimwahidi, na tangu siku hiyo mama mkwe akawa anatembea mtaani kichwa juu, akiwaambia, "Subirini kitabu. Kitabu kitasema."

Sasa, jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Siku za kwanza za sura ya nane zilikuwa kelele tupu. Mmoja anasema "uvamizi," mwingine anasema "kujihami," na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Aliyetuokoa ni kiongozi wa upande wa pili, mzee mrefu tuliyempa jina la Mzee Nukta, kwa sababu kila alipomaliza sentensi aliigonga nukta kwa chaki mpaka chaki ikakatika. Alifundisha miaka mingi kuliko sisi wote, na alikuwa amechoka na makelele kama mwalimu yeyote.

"Walimu wenzangu," alisema, "tuache kubishana. Mtu aandike sentensi yake ubaoni jioni, tuondoke. Asiyeikubali aifute, asiseme neno, na asiulizwe. Ikiamka ipo, imepita, inaingia kitabuni. Na iliyofutwa, mwenyewe asiiandike tena. Kama inastahili kurudi, airudishe mtu wa upande wa pili kwa mkono wake."

Tukaiita kanuni ya dasta. Wewe utaiona ya kitoto, lakini ilifanya kazi. Mtu akijua kwamba sentensi yake inalala mbele ya adui, huiandika kwa adabu. Asubuhi unakuta neno moja limefutwa, unajua pale ndipo linapouma, unaandika jingine. Ukurasa kwa ukurasa, vita vyetu vikaanza kuandikika. Mlango ulikuwa na kufuli moja na funguo mbili: mmoja alikuwa nao mke wangu, wa pili Mzee Nukta. Nchi mbili ziligawana funguo sawasawa, na Mratibu akapiga picha.

Na kila jioni, kabla ya kufunga, aliyeandika mwisho alikwenda kwenye kona ya ubao akaandika kwa herufi kubwa: USIFUTE. Hakuna aliyetuamuru. Ni mazoea ya mwalimu. Kwetu huandikwa kona hiyohiyo, kwao kona hiyohiyo, na mimi nilipoona hivyo siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Mawaziri wamesafiri huku na huko kutafuta kitu kinachotuunganisha, kumbe kiko kwenye kona ya kila ubao, na hakuna aliyekitia saini.

Mapumziko ya chai yalikuwa barazani, nje ya chumba. Siku moja mke wangu na Mzee Nukta walikuwa wakisuuza vikombe bombani, nami nimeegemea ukuta. Mke wangu, kwa sababu hana subira ya kuzunguka mbuyu, akamuuliza moja kwa moja kama amewahi kusikia habari za kikosi kilichovuka mto.

Mzee alifunga bomba kwanza.

"Binti yangu, shule yangu ilikuwa karibu na tanuri la matofali. Vijana wenu waliletwa pale. Walikuwa wameinua mikono."

"Hawakukimbia?"

"Wangekimbilia wapi? Walisimama. Wakapigwa risasi palepale, na sisi walimu tukaamriwa kuwafukia. Nilimfukia mmoja mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto. Alikuwa mdogo, mimi nikamdhania mwanafunzi."

Kovu lile Kitinda alilipata kwa kuanguka na baiskeli ya baba yake. Mke wangu hakulia. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akawa anakisuuza bila maji.

"Na mimi ninalo langu," Mzee akaendelea. "Siku ya soko, makombora yalianguka sokoni kwetu. Redio yenu ikasema ni ghala letu wenyewe la risasi lililolipuka. Mpaka leo watoto wenu wanafundishwa hivyo. Halikuwa ghala. Mke wangu alikuwa amekwenda kununua vitunguu."

Mke wangu amefundisha habari za ghala lile mwaka hadi mwaka, kwa sababu ndivyo silabasi ilivyosema. Akamtazama yule mzee, akasema, "Nisamehe, baba."

"Andika lako, nami niandike langu," akasema Mzee Nukta. "Wewe usiguse langu, mimi siligusi lako. Wewe utampelekea mama yako, nami nitawapelekea wanangu."

Jioni ile mke wangu aliandika wa kwanza, kwa mwandiko wake wa mviringo: *Vijana waliovuka mto hawakukimbia, waliinua mikono, wakauawa kwenye tanuri la matofali, na walizikwa hapo.* Chini yake Mzee akaandika yake, kwa herufi zake ndefu zilizolala: *Makombora yaliyoanguka sokoni siku ya soko yalitoka upande wa pili, na waliokufa walikuwa watu waliokwenda kununua na kuuza.* Sentensi ilikuwa ndefu na ubao ni mmoja. Alipofika mwisho, mahali pakawa pamekwisha. Akafuta kona kwa kiganja, akaweka neno "kuuza," akagonga nukta. Chaki ikakatika, wote tukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka chumbani mle. Tukafunga mlango. Mke wangu akapiga simu nyumbani palepale kwenye ngazi.

"Mama, nimeandika. Nimeandika kwamba hakukimbia."

Nilisikia kigelegele cha mama mkwe mpaka nilipokuwa nimesimama mimi.

Asubuhi ubao ulikuwa mtupu. Haukupitishwa dasta haraka haraka ukaacha ukungu wa chaki. Ulikuwa safi, mweusi, unang'aa kama sahani iliyosuguliwa, na sentensi zote mbili hazipo.

Walimu wanane tulisimama tukautazama. Kanuni ilisema asiulizwe mtu, na hakuulizwa mtu. Kanuni ilisema sentensi irudishwe na mtu wa upande wa pili. Basi mke wangu akakaa, akamtazama Mzee Nukta, akimngojea ainuke na kuandika habari za tanuri. Mzee Nukta naye alikuwa amekaa, chaki mkononi, anamtazama mke wangu, akimngojea ainuke na kuandika habari za soko. Sijawahi kuona watu wawili wakingojana namna ile. Nilitamani kuinuka mimi, lakini mimi ni mtu wa ramani. Ikapita saa ya kwanza, ikaja chai, na hakuna aliyekwenda barazani. Kisha Mzee Nukta akairudisha chaki kwenye boksi lake, taratibu, akafunga kifuniko.

Tulipofika chumbani kwetu pa kulala, mke wangu alifoka kwa hasira.

"Kafuta. Usiku kapata agizo la wakubwa wake, au kaogopa mwenyewe. Na unaona ujanja wake? Kafuta na lake, ili aonekane katenda haki."

"Muulize," nikamwambia.

"Nimuulize nini? Ufunguo unao wewe? Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi."

Hesabu hiyo ilikuwa sawa. Hata hivyo, mchana nilimfuata Mzee bombani, nikajifanya nanawa. Kabla sijafungua mdomo, aliniangalia kwa macho mekundu. "Mwambie mkeo kwamba mke wangu alikuwa mtu," alisema, akaondoka na kuyaacha maji yakitiririka. Nikadhani ananitukana. Mtu afute, halafu atulaumu! Nikaja na maneno yale moto moto kwa mke wangu, naye akayapokea moto moto.

Siku zilizofuata dasta haikupumzika. Mke wangu alisimama mbele ya kila mtu akafuta sentensi yao ya wakimbizi. Mzee akafuta yetu ya mateka. Mke wangu akafuta daraja lililobomolewa, Mzee akafuta mashamba yaliyochomwa. Walifuta bila neno, kwa heshima, kila mmoja akifuta akarudi kukaa, kama watu wanaopokezana maji ya kunawa. Yale yaliyokuwa yamekwisha kulala na kuamka, yaliyopita kihalali, nayo yakafutwa kwa makubaliano ya hasira. Wale wengine wetu tuliangalia. Asiyekuwepo na lake halipo, na wenyewe hasa wa sura ile, wa sokoni na wa kwenye tanuri, hawakuwepo chumbani.

Mwishowe ikabaki sentensi moja, ambayo hakuna aliyejua ni ya nani: *Katika kipindi hicho palitokea hali ya kutoelewana kati ya ndugu wa pande mbili, ambayo baadaye ilipatiwa ufumbuzi.*

Mratibu aliisoma, akaisoma tena. Nusura atukumbatie.

"Hii! Hii ndiyo sentensi ya muungano! Mnajua, kianthropolojia, jamii jirani haziungani kwa kukumbuka pamoja. Zinaungana kwa kusahau pamoja. Nyinyi mmefika huko wenyewe, bila kusukumwa!"

Mzee Nukta alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Mke wangu aliandika USIFUTE kwenye kona, kwa mazoea, akatoka.

Kitabu kilizinduliwa mwaka uliofuata palepale chuoni. Palikuwa na mahema, viti vilivyovalishwa vitambaa, na kwaya ya pamoja iliyokuwa ikikosea pamoja. Nilimtafuta Mzee Nukta kwenye viti vya wageni, nisimwone. Mwenzake mmoja, mwalimu wa uraia, akanivuta pembeni.

"Hukusikia? Tulimzika kabla ya mvua. Moyo." Akasita. "Usinichukie mwalimu mwenzangu, lakini alikufa na kinyongo na mkeo. Alikuwa akisema, 'Nilimpa mdogo wake, akanifutia mke wangu.' Mpaka siku za mwisho."

Niliduwaa. "Mke wangu afute? Si yeye mzee ndiye aliyefuta?"

"Mzee?" Naye akaduwaa. "Mzee aliwapigia wanawe simu jioni ile ile, akilia kwa furaha."

Hotuba zilikuwa zinaendelea na methali ya jembe na kapu ilikwisha kupita. Miguu yangu yenyewe ikanipeleka kwenye chumba kile. Mlango ulikuwa wazi, na ndani yuko mfagiaji wa chuo, mama mmoja mnene mwenye kanga kiunoni, anasugua ubao kwa kitambaa chenye maji. Nilisimama mlangoni nikautazama ule ubao ukigeuka mweusi, unang'aa.

"Karibu mwalimu," akasema. "Umesahau kitu?"

"Mama, kumbe wewe una ufunguo wa chumba hiki?"

Akacheka. "Sasa mwalimu, nitafagiaje bila ufunguo? Au mlidhani vumbi linatoka lenyewe?"

"Na sisi tulipokuwa hapa… wewe ulikuwa unaufuta ubao?"

"Hata! Nyinyi mlikuwa watu wa utaratibu. Kila siku nakuta mmeandika kwenye kona Usifute, basi sigusi, napita zangu. Siku moja tu ndiyo sikuikuta. Maandishi yamejaa mpaka kwenye kona, lakini Usifute haipo. Nikasema, haya, leo wamemaliza. Na wapiga picha walikuwa wanakuja, nikausugua kwa maji ukatakata. Kwani kulikuwa na nini?"

Nikamwambia hakukuwa na kitu. Ningemwambia nini? Yeye peke yake katika nchi mbili ndiye aliyekuwa amefuata maandishi kama yalivyo.

Nilimwambia mke wangu ndani ya hema, katikati ya wimbo wa pamoja, mdomo karibu na sikio lake. Aliendelea kutazama mbele. Wimbo ulipokwisha na watu kukaa, yeye alibaki amesimama.

"Alifuta Usifute ya kona kwa kiganja chake," alisema. "Nilimwona. Nilisimama pale nikamwona, na nikacheka."

Nikamshika nguo nikamkalisha. Mratibu alikuwa anatuita mbele tukapokee vyeti.

Nyumbani tulikuta mama mkwe amepanga viti sebuleni. Alikuwa amewaita majirani wawili, na mmoja wao ni yule mwenye maneno ya mtoro. Mwenyewe alikuwa amevaa nguo yake mpya. Kitabu kilikaa mezani kama mgeni wa heshima.

"Haya, mwanangu," akasema. "Soma. Anza pale pa Kitinda."

Nilijitolea kusoma mimi, mke wangu akanikatalia kwa kichwa. Akafungua sura ya nane, akasoma sentensi ile moja kwa sauti ya darasani, bila kutetemeka, mpaka kwenye ufumbuzi. Kisha akafunga kitabu.

"Endelea," akasema mama mkwe.

"Imekwisha, Mama."

Yule jirani aliangalia chini. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Wote wawili waliaga kwa upole, wakasema watarudi siku nyingine, na upole ule ulimuumiza mama mkwe kuliko matusi ya miaka yote. Walipotoka, akamgeukia binti yake.

"Uliniambia umeandika."

"Niliandika, Mama. Haki ya Mungu niliandika. Mzee mmoja wa kule alimwona Kitinda, alimfukia kwa mikono yake. Alimtambua kwa kovu. Aliinua mikono, Mama, hakukimbia. Tuliandika, ikafutwa."

"Nani kafuta? Serikali?"

"Hapana."

"Wale wa kule?"

"Hapana, Mama. Mfagiaji."

Mama mkwe alinitazama mimi, maana mimi amezoea kunikamata kwa uongo mdogo mdogo. Nikamwambia ndiyo, ni mfagiaji, hapakuwa na Usifute kwenye kona. Nilisikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu na hata mimi nisingeyaamini.

"Na huyo mzee aliyemfukia, yuko wapi nimuulize?"

"Amekufa, Mama," mke wangu akasema.

Nilidhani atapasua nyumba kwa ukali wake. Badala yake, uso wake ukalainika, akamshika binti yake shavu, kama mtu anayemsamehe mtoto aliyeficha jambo.

"Mwanangu, msinifiche tena. Watu wasomi wanane, nchi mbili, chumba kimoja, halafu mfagiaji? Mmetafuta kote mkakuta hakufa. Alikimbia." Akavuta pumzi. "Basi alikimbia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekazana na mambo ya heshima, nikamtaka amekufa amesimama wima. Mama gani mimi? Afadhali mtoro mzima."

"Mama, amekufa! Nakuambia amekufa!"

"Mbona kitabu hakisemi?" akauliza, bila ukali wowote. "Si wewe uliyekiandika?"

Mama mkwe alikwenda chumbani kwake, akatoa shati jeupe kutoka sandukuni, akalifua. "Alikuwa anaogopa kukamatwa mpakani," alituambia akilianika. "Sasa mpaka hauna mtu. Atarudi."

Mabasi ya upande wa pili siku hizi hayasimami mpakani. Yanapita moja kwa moja juu ya vitone vyangu mpaka stendi yetu, hilo Muungano umelitimiza, na abiria wanashuka bila kuulizwa wanatoka wapi. Mama mkwe anakwenda pale kila asubuhi na shati mfukoni. Basi likisimama anasogea mlangoni, na wanaume wa makamo wakianza kushuka, anawatazama nyusi za kushoto, mmoja mmoja. Wengine humwamkia, wengine humkasirikia. Mchana mke wangu akitoka shuleni hupita kumchukua, wakarudi nyumbani kula.